Njia ya Radi

Tulipohamia kijiji kipya cha ujamaa, kando ya ziwa kaskazini ya Kibirizi, zahanati ilijengwa kwa mabati matupu, kuta na paa, juu ya nguzo za miti. Kuchoma matofali kungechelewesha, na watu walikuwa wameshafika. Mimi nilikuwa mkunga, nikilala chumba cha nyuma. Mume wangu alikuwa fundi umeme bandarini Kigoma. Kila Jumamosi alipanda mtumbwi wa injini akanifuata.

Wakati wa mvua za mwanzo, nikiwa mtoni kuchota maji, radi ikapiga zahanati. Ilitoboa bati na kupasua nguzo ya kona. Tangu siku hiyo wajawazito hawakuja. Walisema nyumba ya chuma inaita radi. Wengine walisema radi ile imetumwa. Wakawa wanazalia majumbani, na mmoja nilimkuta ametokwa na damu nyingi, nusura tumpoteze.

Nilimweleza mume wangu nikilia. Hakucheka.

"Radi inatafuta udongo," alisema. "Nyumba yako imekaa juu ya miti, haina pa kuishushia. Tuipe njia."

Jumamosi iliyofuata alishuka mtumbwini na waya wa shaba uliokunjwa begani. Aliunganisha bati kwa bati, kuta na paa, akasimamisha fimbo ya chuma juu, kisha akateremsha waya kwenye kila kona hadi mashimoni, kwenye udongo wenye unyevu. Watu walisimama wakitazama. Bibi mmoja, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo, alikuwa na mkwe mjamzito. Akamsogelea mume wangu.

"Baba, hiyo ndiyo dawa ya radi?"

"Si dawa, bibi. Itapiga tu, lakini itapita kwenye waya iingie chini."

"Una hakika?"

"Mke wangu analala humu."

Bibi alinitazama, kisha akaenda zake.

Mkwe wake alishikwa na uchungu Jumamosi nyingine, mchana, mawingu yakiwa yamefunika milima. Bibi alimleta mwenyewe. Mume wangu akatuambia tusiguse kuta, akasogeza kitanda katikati ya chumba, akaketi na bibi mkekani, nyuma ya pazia.

Radi ilipiga juu yetu. Nyumba nzima ikalia, mwanga ukapenya kila tundu la msumari. Mama yule alinibana mkono hadi ukafa ganzi. Kisha tukasikia mvua tu, na baada ya kitambo, mtoto wa kike akilia.

"Mko salama?" mume wangu aliuliza.

"Tuko salama," nilimjibu. "Na sasa tumeongezeka."

Bibi alipiga kigelegele. Kabla mvua hazijaisha, wanawake wengine wawili walikuja kujifungulia pale.

Jioni ya siku ile ya radi nilimpa mume wangu chai, nikaona anaimwaga mkekani kabla haijafika mdomoni.

"Kumbe uliogopa?"

"Sana," alisema. "Nimefunga nyaya nyingi. Sijawahi kuzijaribu wewe ukiwa ndani."

Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza kunywa.