Dawa ya Kuuharakisha Mpunga

Mpunga wa asili anaolima shangazi yangu Turiani hauna haraka. Husubiri siku zianze kuwa fupi, ndipo majani hutengeneza homoni ya kuchanua na kuipeleka kwenye ncha ya shina. Uuwahishe kuupanda au uucheleweshe, utachanua majira yale yale. Hayo ndiyo ninayoyafundisha chuoni Morogoro, na wanafunzi huyaandika.

Mwaka ule masika yalionekana kukatika mapema. Shangazi akanipigia simu: mpunga umebeba mimba, maji yanakauka, suke halionekani.

“Si ulisema mna dawa ya maua huko chuoni, mwanangu?”

Nilikuwa nimesema kweli, sikukuu ya Idi, nikijisifu mbele ya ndugu. Dawa yenyewe ni homoni nyingine; tunaupulizia mpunga wa mbegu ili suke lichomoze lote nje ya jani na kupata chavua. Pamoja na hayo hurefusha shina. Nilijua mimba ile ingetoka kwa wakati wake. Lakini kumwambia shangazi aliyenilea kwamba sina dawa, baada ya kusoma miaka yote ile, niliona aibu. Nikabeba chupa, nikaenda.

Tulipuliza asubuhi, bomba mgongoni mwangu, yeye akinionyesha mipaka ya jaruba. Masuke yalitoka siku tatu kabla ya yale ya jirani. Shangazi alinipigia akicheka: mpunga wake ulikuwa mrefu kuliko wote bondeni, watu wanakuja kuutazama.

Kisha mvua tuliyodhani imekwisha ikarudi. Ilikuwa mvua ya kawaida, tena ya utulivu. Masuke yalikuwa yamejaa, na mashina yale marefu hayakuweza kuyabeba. Jaruba zima likalala majini. Mpunga wa jirani ulibaki wima.

Nilikwenda kumsaidia kuvuna. Tulikata kwa mundu, tukiyainua masuke kutoka kwenye tope, na punje nyingi zilikuwa zimeshaanza kuota. Jirani akapita kwenye tuta.

“Poleni na kazi. Huu umepatwa na nini?”

“Upepo, ndugu yangu,” shangazi akajibu bila kuinua uso. “Ulipita kwangu tu.”

Jirani aliutazama mpunga wake, hatua mbili kando, kisha akanitazama mimi. Alisimama muda wa kutosha kabisa mtu kusema neno. Nikaendelea kukata.