Jumapili Fostino Hapakii Abiria

Saa nne asubuhi jua la Balaka, kusini mwa Malawi, limekwisha kuwa kali, na Fostino Mbewe anapita njia panda ya soko bila kugeuza shingo. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa. Ndani ya shati, kwenye kamba shingoni, ananing'iniza kikasha kidogo cha shaba. Kiti cha nyuma cha baiskeli yake ni kitupu.

Wenzake wa bodaboda za baiskeli wamejipanga kivulini wakisubiri wateja. Siku nyingine angekuwa nao, akigombea mama mwenye gunia la mahindi. Leo wanamwacha apite, isipokuwa Laston, ambaye mdomo wake haujui Jumapili.

"Kaka, leo umempakia nani hata husikii watu?"

Fostino anazidi kukanyaga pedali. Atamjibu jioni, akirudi kijiweni: "Nilimpakia Mwenye barabara."

Kikashani mna Ekaristi. Fostino, mwenye umri wa miaka 47, ni mlei aliyebarikiwa na parokia yake kuwapelekea komunyo wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Wake ni wale wa ng'ambo ya mto Rivirivi, ambako padri hufika kwa nadra na gari halifiki kabisa.

Akiwa njiani na kikasha hasimami kununua kitu, hapigi soga, hapokei mteja. Na Jumapili ndiyo siku ya gulio, siku ambayo mwenye baiskeli hupata mara mbili ya kawaida.

"Watoto wangu wanakula kwa miguu hii," anasema. "Mwanzoni mke wangu alininunia. Tulikula nsima, ugali wetu, na majani ya maboga; dagaa wa usipa tukawasikia harufu kwa jirani. Sasa amezoea. Au amechoka kununa, sijui."

Padri alipolitaja jina lake kwa utumishi huu, Fostino alidhani kuna Mbewe mwingine. Aliacha shule darasa la sita. Jumapili ya kwanza alisugua mikono kwa sabuni hata ngozi ikamwasha, lakini grisi ya mnyororo ilibaki chini ya kucha. Alikwenda hivyo hivyo, na kikongwe wa kwanza aliyepokea komunyo kwake alilia, akaishika mikono ile ile akaibusu.

"Siku hiyo nilirudi nikiimba peke yangu kama mlevi," anakumbuka.

Furaha hiyo haikudumu. Nyumba ya mwisho katika njia yake ni ya Ambulosi Kapalamula, mwalimu mkuu mstaafu aliyeongoza halmashauri ya walei kwa miaka mingi kabla ya kiharusi kumlaza. Ndiye aliyemfundisha Fostino kusoma, na ndiye aliyemchapa kwa kutosoma vizuri.

Jumapili Fostino alipofika kwake mara ya kwanza, mzee alimtazama mlangoni, akauliza padri yuko wapi. Alipoambiwa padri hakuja, alisema neno ambalo Fostino hulirudia taratibu hadi leo.

"Mikono iliyobeba mbuzi wa watu jana, leo inibebee Bwana? Rudi ulikotoka, kijana."

Fostino alirudi. Mtoni alishuka kwenye baiskeli akakaa juu ya jiwe, akaamua kwamba kesho yake atakwenda kwa padri kuurudisha ule utumishi. Nyumbani alimsimulia mkewe, Delifina, kila kitu, akitarajia kuhurumiwa.

Delifina alikuwa akipepeta mahindi, hata hakuuacha ungo. "Ulikwenda kumpeleka Bwana, au ulikwenda kujipeleka wewe?" alimuuliza. "Kama aliyekataliwa ni wewe, mbona ni jambo dogo?"

Fostino anasema maneno hayo yalimuuma kuliko ya mwalimu, kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Lile busu la kikongwe lilikuwa limempanda kichwani bila yeye kujua.

Jumapili iliyofuata alirudi kwa mwalimu. Hakuingia ndani. Olipa, binti wa mzee, hakuwa amekwenda Misa tangu baba yake augue, naye aliomba apewe komunyo barazani. Basi Fostino akawa anafika, anabisha, anamuuliza mzee kama yuko tayari, anajibiwa hapana, kisha anakaa barazani na Olipa, anasoma Injili na kumkomunisha. Akimaliza humchotea maji kisimani, maana Olipa hawezi kumwacha mgonjwa peke yake, halafu huondoka.

Mvua zilianza, mto ukajaa, akawa anavuka na baiskeli begani. Jibu la mzee halikubadilika.

Kisha Jumapili moja ya Kwaresima, Fostino akiwa katikati ya somo, sauti ilitoka dirishani.

"Umeruka mstari. Rudi."

"Moyo ulinipiga kama niko darasani," anasema Fostino. "Nikarudi. Nikasoma mstari nilioruka. Nikamsikia ananifuatisha, neno kwa neno."

Somo lilipokwisha, mzee alimwita aingie. Alikuwa akilia upande mmoja wa uso, ule ambao kiharusi hakikuugusa. Alimwomba radhi, na Fostino akapiga magoti kando ya kitanda. Mzee akaomba kuiona mikono yake. Aliigeuzageuza, akazipapasa sugu za viganja, kisha akafumbua kinywa kupokea.

Mwalimu Kapalamula haoni haya kuyasimulia. "Haikuwa kiburi tupu," anasema kwa ulimi mzito. "Sisi tulilelewa kwamba vitu vitakatifu haviguswi na kila mtu. Nilikuwa namlinda Mungu. Kumbe Mungu alikuwa amepiga hodi na mvua imemlowesha, mimi namwacha nje."

Tangu siku hiyo ana sharti moja: kabla ya ibada, Fostino asome Injili mbele yake mara moja ya mazoezi. Akikosea anasahihishwa bila huruma. Olipa anasema baba yake huanza kumngoja tangu Jumamosi, akiulizia kama mto umepungua.

Sasa mzee ana ombi jingine. Anataka kusali Pasaka kanisani. Fostino amemwomba fundi wa kuchomelea amtengenezee kiti cha nyuma cha baiskeli chenye egemeo na mikanda, na Laston ameahidi kuishikilia baiskeli ubavuni hadi wavuke mto, bila malipo, ingawa amesema mzaha wake hatauacha nyumbani.

Viongozi wa kigango, kanisa dogo chini ya parokia, walipopata habari walimtengea mwalimu benchi la mbele, nafasi yake ya zamani. Mzee amewarudishia salamu kupitia kwa Fostino: atakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, wanakoegesha baiskeli.

"Huko mbele nimekwisha kukaa sana," alimwambia. "Nataka safari hii nikae nawe."