Karatasi ya Jumamosi

Mimi ndiye niliyewaua wale kamba. Jambo hili nimelikana kwa zaidi ya miaka arobaini: mbele ya mwenye tangi, mbele ya mama yangu, na mwaka jana gazetini, katika makala yenye madaha mengi ambamo niliisingizia stima kwamba ilikatika. Hata leo nikisikia harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, iliyosagwa, hamu ya chakula huniisha, na watu wa nyumbani hudhani ninajifanya msomi.

Bwana Jayanti alikuwa na duka la vitambaa mjini Kisii, na baba yangu, Tata tunavyosema kwa Kigusii, alikuwa mmoja wa mafundi waliokaa na cherehani kwenye baraza la duka hilo. Cherehani haikuwa yake. Ilikuwa ya duka, pamoja na kiti alichokalia na kivuli kilichomfunika. Mwezi uliotangulia, fundi mwenzake alikuwa ameunguza suti ya mteja kwa pasi, na kabla ya saa sita alikuwa njiani kwenda kwao, chakula chake cha mchana kikiwa hakijafunguliwa. Mama alilishika tukio hilo kama rungu. "Tukitolewa pale barazani," alisema kila tulipochezea dukani, "tunarudi Nyansiongo kuchuma pareto za watu."

Juu ya duka, sebuleni kwa familia, kulikuwa na tangi la kioo lisilozidi meza ya cherehani kwa urefu. Maji yake yalitoka baharini, yakiletwa kwa mitungi ya plastiki na mpwa wa Bwana Jayanti aliyeendesha lori la Mombasa. Ndani mlikuwa na matumbawe. Niliambiwa ni mawe yaliyo hai, nikacheka, mpaka nilipoyaona yakifumbua vinywa vidogo vya rangi ya zambarau. Mlikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa, na kamba wawili wekundu wenye mstari mweupe mgongoni na sharubu ndefu kuliko miili yao. Kazi ya kamba hao ilikuwa kuwasafisha samaki, kwa hiyo Hansa, binti wa Bwana Jayanti na rika langu, alimwita yule mkubwa Daktari. Ukitumbukiza kidole, Daktari alikipanda na kuanza kukuchokoa uchafu wa kwenye kucha. Hakuna mtu aliyewahi kuzijali kucha zangu kiasi hicho.

Sisi ni Wasabato, na kamba, asiye na mapezi wala magamba, kwetu ni najisi. Tata alikuwa mzee wa kanisa. Aliniruhusu kumtazama Daktari kwa sababu hakuna aliyekuwa amependekeza nimle. Upande wa pili, nyumba ya Bwana Jayanti haikula hata yai, na mkewe hakutaka kuiona omena jikoni mwake, ikabidi mama yangu awe anaisaga kwa kinu huko nyuma ya duka. Viumbe wale walikuwa wanalindwa na dini mbili. Ungedhani wako salama kuliko kamba wote duniani.

Likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi, familia ile ilialikwa arusi Kisumu. Duka likafungwa, Tata akaachiwa ufunguo wa mlango wa nyuma, nami nikaitwa juu.

"Wewe, binti ya Fundi," Bwana Jayanti alisema. "Mkono safi?"

Nikamwonyesha.

"Sabuni hapana. Siku moja, karatasi moja. Hii samaki itakuomba. Muongo sana, kila saa iko na njaa. Usisikie maneno yake."

Alinipa vikaratasi vitatu vya omena ya unga, vimekunjwa kama vya bizari. Hansa alikuwa ameviandika: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Maji yakipungua niongeze ya mvua hadi kwenye mstari ambao Tata aliuchora kiooni kwa chaki yake ya nguo.

"Akifa Daktari," Hansa alininong'oneza, "sikusemeshi mpaka tuzeeke."

Kwetu Ijumaa ni siku ya kumaliza. Kabla jua halijazama, chakula cha Sabato kiwe kimeiva, viatu viwe vinang'aa, maji yawe yamechotwa. Ijumaa ile jioni nilimimina karatasi ya kwanza, nikaitazama ya pili iliyoandikwa Jumamosi, nikafanya lile ambalo mtoto yeyote wa nyumba yetu angefanya. Niliandaa. Nikaimimina nayo.

Nisijipambe kwa uchaji. Ng'ombe wetu alikamuliwa siku ya Sabato kama siku nyingine zote, na kama ningemuuliza Tata, angeniambia mnyama ana haki ya kula kila siku. Sikumuuliza. Kesho yake nilitakiwa kusimama mbele ya kanisa na kuyasema mafungu ya Biblia ya robo nzima ya mwaka bila kitabu, na sikutaka kufika pale nikinuka omena.

Unga ulitawanyika. Samaki waliula mpaka wakachoka, na uliobaki ukatua juu ya matumbawe kama vumbi juu ya kabati. Maji yalianza kufanana na yale mama aliyooshea mchele. Nilikuwa bado natazama Tata aliponiita kutoka chini: "Kemunto! Jua!"

Karatasi ya Ijumaa niliitupa. Ile ya Jumamosi niliogopa kuitupa, kwa maana mtu akiiona jaani siku ya Ijumaa angeuliza. Pindo la gauni langu la kila siku lilikuwa limefumuka kidogo. Nikaichomeka humo.

Njiani Tata aliuliza, "Na kesho, wale wanyama?"

"Kesho hawali," nikasema.

Aliniamini, akidhani ndivyo Bwana Jayanti alivyoagiza. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Kanisani niliyasema mafungu yote na wala sikukosea. Watu waliitika amina, na mimi nilisikia tu pampu ya hewa ya tangi ikinguruma kichwani mwangu. Nilimwona Daktari katika kila kofia nyekundu iliyoketi mbele yangu. Nilitaka kumwambia Tata, lakini alikuwa pale juu karibu na mimbari, Biblia magotini, na kila niliponyanyuka niliyaona mashamba ya pareto ya Nyansiongo yakiningoja. Jua likazama. Niliomba ufunguo. "Kesho," Tata alisema.

Jumapili asubuhi harufu ilinikuta kwenye ngazi. Maji yalikuwa meupe. Samaki wote wawili walikuwa juu kabisa, wakihema kwa midomo. Yule kamba mdogo alikuwa amelala chini, amepauka. Matumbawe yalikuwa yamejikunja ndani ya mawe yao. Daktari alikuwa amelala ubavu, miguu bado inatembea bila kwenda popote. Nikatumbukiza kidole. Alijaribu kukipanda, akakishika, akaachia. Akajaribu tena.

Nilipogeuka, Tata alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikunja mikono ya shati, akabeba mtungi wa akiba wa maji ya bahari, nami nikateka yale mabaya kwa kopo, kopo baada ya kopo, mpaka mikono ikafa ganzi. Saa sita samaki walikuwa wameshuka chini wakiogelea. Daktari alikuwa ndani ya kopo langu, ametulia.

Bwana Jayanti alirudi alasiri, bado amevaa nguo za arusi. Alisimama mbele ya tangi. Hansa alitazama mara moja, akakimbilia chumbani.

"Umetoa karatasi ngapi?"

"Moja moja, Mzee."

"Basi nini imeua?"

Nikaitazama pampu. Neno likaja lenyewe. "Stima ilipotea. Jana, siku nzima."

Bwana Jayanti aliinua macho, akaangalia ukuta juu ya kichwa changu. Nilidhani anaomba. Tata alikuwa mlangoni, kofia mkononi, na nilisikia pumzi yake.

"Basi," alisema Bwana Jayanti. "Enda nyumbani."

Jumatatu asubuhi nilichukua gauni langu ili niitoe ile karatasi niichome. Pindo lilikuwa limeshushwa upana wa vidole viwili na kushonwa upya, kwa mishono midogo, iliyonyooka, ambayo mkono mmoja tu nyumbani mwetu uliiweza. Karatasi haikuwamo. Nilingoja fimbo siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima. Haikuja. Mwishowe nikajiambia kwamba karatasi ilidondoka njiani, na kwa kuwa baadaye nilisoma hadi chuo kikuu, nikajifunza kujiambia mambo kama hayo kwa lugha nzuri zaidi.

Tata hakutolewa barazani. Alishona pale mpaka duka lilipouzwa, na ada yangu ilitoka kwenye sindano yake. Badiliko lilikuwa moja tu: Septemba ile aliuacha uzee wa kanisa. Aliwaambia ndugu kwamba macho hayaoni tena herufi za Biblia. Jioni ileile nilimwona akiutia uzi kwenye sindano nyembamba kuliko zote, mara moja, mlangoni, mwanga ukiwa unakwisha. Mimi mwenye akili nyingi sikuona chochote.

Tata alikufa miaka mingi iliyopita. Wiki mbili baada ya makala yangu kutoka, simu ililia kutoka Uingereza.

"Kemunto? Hansa hapa, wa dukani. Sasa tumezeeka, naweza kukusemesha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Nimesoma uongo wako," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisii, hakijabadilika hata kidogo. "Eti stima! Na ile saa yetu ya ukutani? Ya stima ile. Ilikuwa juu ya kichwa chako. Haikuchelewa hata dakika moja."

Nikayakumbuka macho ya baba yake juu ya kichwa changu.

"Usiogope. Baba hakukulaumu. Fundi si alikuja akasema ni yeye?"

"Akasema nini?"

"Jumatatu, kabla ya kufungua duka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Alivua viatu mlangoni, akaweka karatasi mezani. Ile niliyoiandika neno Jumamosi. Akasema, 'Bwana, mimi ndiye niliyewamwagia chakula cha siku mbili. Mtoto hajui lolote. Kama ni kunifukuza, nifukuze mimi.' Baba akamwambia, 'Fundi, wewe hata hujui chakula inakaa wapi.' Akarudia, 'Ni mimi.' Baba akamwambia arudi kwenye mashine yake."

"Alisema ni yeye mara mbili?"

"Mara mbili. Kwani hakuwahi kukuambia?"

"Alipouacha uzee wa kanisa alisema macho yake yameharibika," nikasema.

"Macho?" Hansa akauliza. "Macho yana nini na kamba?"