Balozi wa Rusimbi

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sioni haya kusema. Nikinunua mayai huyatikisa sikioni moja moja. Nikikaribishwa chakula huangalia kwanza sufuria, nijue kama karibu hiyo ni ya kweli au ya mdomoni tu. Bibi yangu kule Mombasa alikuwa akisema mjukuu huyu angezaliwa mwanamume angekuwa askari wa forodha. Nikawa mtunza stoo ya dawa, na kazi ikanikaa vizuri, maana mtunza stoo mzuri humshuku hata panya.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha Kigoma, miaka ile ya wakimbizi, watu walipokuwa wakiingia kupitia mpakani na ziwani, na mji umejaa magari meupe. Shirika lililoniajiri lilikuwa likipeleka dawa kambini, na stoo yake ilikuwa karibu na bandari. Nilipanga chumba Rusimbi, kwa sababu nyumba walizokaa wafanyakazi wageni zilikuwa na uzio mrefu na umbea mwingi. Pasipoti yangu ilikuwa imepelekwa Dar es Salaam kusubiri kibali. Kila nilipoiulizia niliambiwa iko mezani kwa mtu.

Nilikuwa na marafiki wawili. Wa kwanza ni nesi, Muha, mzaliwa wa Rusimbi, na nyumba yao ilitazamana na yangu. Wa pili ni mfamasia, Mpare, aliyehamishiwa Kigoma na serikali na kila mwezi akaapa kwamba safari hii lazima aombe uhamisho. Jumapili hatukukaa nyumbani. Mara tuko Ujiji tunakula samaki mgebuka wa kuchoma kwa ugali wa muhogo, mara tumepanda boti ya abiria pale Kibirizi tukashuka kijiji chochote ambacho jina lake limetupendeza. Tuliogelea kwenye maji ambayo mimi, mtoto wa bahari, sikuyaamini. Maji yote yale, ng'ambo huioni vizuri, halafu hayana chumvi! Siku ya kwanza niliyaonja mara mbili, nikidhani ulimi wangu ndio wenye kosa.

Zilikuwa siku njema, na zingekuwa njema zaidi kama nesi asingekuwa na mambo yake.

Jambo la kwanza lilikuwa lugha. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Tukishuka kijijini, au tukikutana na wakimbizi wamekaa na mabegi yao kando ya maji, nesi husimama nao. Wataongea, watacheka, watashika vifua, watanitazama mimi, wataongea tena.

"Wamesemaje?" nauliza.

"Wanakusalimu."

Salamu gani ina urefu wa hotuba? Nikaweka moyoni.

Jambo la pili lilikuwa balozi. Jioni moja tunatoka Ujiji, nesi akasimama njiani. "Tangulieni. Mimi napitia kwa balozi mara moja." Akakata kichochoro, akapotea. Mimi nikatembea na Mpare. Mjini Kigoma nchi jirani zilikuwa na ofisi zao ndogo za ubalozi, zenye bendera nje na watu kwenye foleni. Nesi wa Rusimbi, mshahara wa serikali, kandambili miguuni, ana shughuli gani na balozi? Tena wa nchi gani?

Ningeuliza tu. Lakini kuuliza maana ya neno la Kiswahili ni jambo ambalo mtu wa Mombasa halifanyi akiwa bara. Sisi ndio wenye lugha. Wao wanaiazima, na wakiirudisha huwa imepinda kidogo. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyoamini.

Basi nikamzungukia Mpare. "Huyu mwenzetu na balozi wana nini?"

"Wana nini tena? Balozi ni mtu mzito, dada. Usicheze naye. Mkikosana, siku una shida utajuta."

Nilipata jibu nililokuwa nikiliogopa. Tangu siku hiyo nikawa nampima nesi kwa kila neno. Miaka ile kila mtu alikuwa akimpima mwenzake. Huyu mkimbizi, huyu si mkimbizi, huyu anasikiliza kwa niaba ya nani. Kazini tulionywa tusisemeseme hovyo safari za malori ya dawa. Na mimi nilikuwa nimemwambia nesi kila kitu, hata siku ambazo stoo inabaki tupu. Nikaacha.

Halafu akanimaliza kabisa. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwao tunachambua dagaa, akasema bila kuinua uso: "Balozi anakuulizia."

"Ananiulizia mimi?"

"Wewe. Anataka kujua umetoka wapi, unafanya kazi gani, unaishi na nani. Jumapili nikupeleke akuone."

Dagaa ziliniganda vidoleni. Jumapili hiyo niliumwa tumbo. Jumapili iliyofuata likaniuma tena. Nesi akaniletea dawa ya kuhara na maji ya mchele, akanisimamia mpaka nikanywa, na mimi ninakunywa huku nimemkazia macho. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Dawa yenyewe niliinusa kwanza, ingawa ilitoka kwenye stoo yangu.

Ilinikera zaidi kwamba nilimpenda. Hakuna mtu aliyenichekesha Kigoma kama yule. Ningejua ni adui tangu mwanzo ningejipanga, lakini alikuwa ameshanifundisha kusonga ugali wa muhogo usionate, na mama yake alikuwa akiniita mwanangu.

Niliendelea kutembea nao, nisije nikaonekana nimebadilika. Jumamosi moja tuliyopewa mapumziko tulikwenda kwa boti kaskazini, tukaogelea, tukarudi Kibirizi mchana. Mpare akabaki kubishana na mwenye boti. Nesi akaenda kutafuta dagaa za kumpelekea mama yake. Mimi nikakaa juu ya mabegi.

Ndipo msako ukaingia. Mgambo walitokea pande zote za soko, na mbele yao afisa mmoja aliyevaa kiraia. Walikuwa wakitafuta wakimbizi waliotoka kambini bila ruhusa. Watu wakawa wanaitwa mmoja mmoja, na lori lilikuwa limeegeshwa pembeni, nyuma wazi. Mimi sikutikisika. Mimi nina kazi yangu.

"Kitambulisho," afisa akaniambia.

"Kiko kazini," nikasema, na kilikuwa kazini kweli. "Na pasipoti iko Dar es Salaam."

"Unakaa wapi?"

"Rusimbi."

"Balozi wako nani?"

Nikasikia nimepata nguvu. Angalau huyu bwana ameona mimi ni mtu wa nchi ya watu, mwenye balozi wake! Nikajinyoosha.

"Balozi wangu yuko Dar es Salaam."

Afisa akanitazama. "Unakaa Rusimbi, balozi wako yuko Dar es Salaam."

"Sasa watakaje, awe Rusimbi? Balozi mzima ataka nini Rusimbi?"

Mgambo walicheka mpaka mmoja akaegemea rungu lake. Afisa hakucheka. "Anaitwa nani?"

Sikujua. Nani anajua jina la balozi wa nchi yake? Nikasema sijapata kumwona, ila najua yuko. Kiswahili changu cha kwetu kikawa kinazidi kutoka kwa hasira: nshakwambia, wanishika kwani, mimi si mkimbizi. Kila nilivyosema, ndivyo nilivyozidi kuwa mtu wa mbali.

"Hata kusema hawezi," mgambo mmoja akamwambia mwenzake. Mimi! Mtoto wa Mvita, naambiwa Kiswahili hakinitoki! Nikapandishwa lori.

Ndani nilimkuta mwanamke wa makamo amekaa na kikapu cha mihogo magotini. Alikuwa akirudia sentensi moja tu, taratibu, kwa lafudhi nzito ya Kiha, au ya Kirundi, mimi nitajuaje. "Mimi ni mtu wa Kidahwe. Balozi wangu yuko Kidahwe." Nikashangaa. Na huyu naye ana balozi! Nikasogea, nisije nikahesabiwa naye.

Nesi alirudi akaniona juu ya lori. Akatupa dagaa chini, akamfuata afisa. Nilisikia mabishano lakini sikusikia maneno, mpaka alipogeuka akanipigia kelele: "Usiogope! Namleta balozi!" Akarukia nyuma ya baiskeli ya mtu, wakaondoka.

Nikafumba macho. Basi ndiyo nimeuzwa. Atakuja na gari lenye bendera, nikabidhiwe kwa nchi nisiyoijua, na bibi yangu asijue hata nilikozikwa. Mpare alikuja kando ya lori akaniambia nitulie, balozi akifika yameisha. Niliona na yeye yumo.

Lori lilikuwa likijaa. Dereva alikuwa ameshapanda. Hapo baiskeli ikarudi, na nyuma yake ya pili, na juu ya ile ya pili amekaa upande mama mmoja mnene, khanga imefungwa kifuani, mikono yake imejaa rangi ya chungwa mpaka viwikoni. Nilimfahamu. Ni mama muuza mawese wa kona ya mtaa wetu. Nilinunua mafuta kwake kila wiki, na kila wiki niliiinua chupa juani, nikafungua, nikanusa, nikaonja kwa kidole, nikamwambia ameongeza maji. Tulikuwa hatupatani hata kidogo.

"Shikamoo, balozi," mgambo mmoja akamwamkia.

Nikamtazama mgambo. Nikamtazama mama.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Huyu," afisa akasema. "Unamjua? Ameletwa kwako kujitambulisha?"

Yule mama alitazama juu. Nilijua hana sababu ya kunitetea. Sikuletwa kwake. Niliitwa, nikaumwa tumbo.

"Kuletwa hakuletwa," akasema. "Ana kiburi. Lakini namjua. Huyu ni Mkenya wa nyumba ya mwisho, ananusa mafuta yangu kila wiki kama mbwa wa polisi. Mkimbizi gani anachagua mafuta namna hiyo? Mshusheni."

Wakanishusha. Nikashika bega la nesi. Nikamnong'oneza: "Huyu ndiye balozi?"

"Sasa balozi gani mwingine? Balozi wa nyumba kumi. Kila nyumba kumi zina balozi wao, mgeni akija lazima amjue. Wewe ulifikiri nani?"

Nikamwambia nilivyofikiri. Sikupanga, yalitoka tu. Mpare alikaa chini akacheka akishika mbavu. Nesi naye akaanza kucheka, kisha kicheko kikampungukia.

"Kwa hiyo lile tumbo," akasema.

"Halikuwa linauma."

"Na malori. Ulikuwa unaniambia malori yako, halafu ukaacha."

Lori likawashwa. Mwanamke wa kikapu alikuwa bado anasema yeye ni mtu wa Kidahwe, na sasa alikuwa akimwambia mama muuza mawese, kwa kuwa ameona ndiye mwenye kushusha watu. Mama akajibu kwa huzuni kwamba yeye ni wa Rusimbi, hawezi kumsemea mtu wa Kidahwe. Nesi akakimbia kando ya lori, wakasemezana kwa Kiha, haraka haraka, mpaka lori likamwacha.

Aliporudi hakuniambia ni salamu. "Ameniambia nyumba yake ilipo. Kesho twendeni Kidahwe tukamtafute balozi wake, kabla hawajampeleka kambini au kumvusha mpaka."

Kesho yake ilikuwa Jumapili yetu. Mpare alisema anakuja. Mimi nikauliza swali ambalo mtunza stoo yeyote angeuliza.

"Una hakika ni mtu wa Kidahwe kweli?"

Nesi alikuwa akiokota dagaa zake mchangani, moja moja, akizipuliza. Hakuinua uso.

"Na wewe nilikuwa na hakika gani?"

Kwa hiyo matembezi yetu ya Jumapili hiyo yalikuwa Kidahwe. Hatukuogelea wala hatukula samaki. Tulishuka kwenye barabara ya Kasulu, vumbi mpaka kwenye kope, na nesi akasema safari hii uliza wewe. Nikamwendea mzee wa kwanza tuliyemkuta, alikuwa akifunga mbuzi kwenye kisiki.

"Shikamoo, mzee. Balozi wa huku ni nani?"

Alisikia lafudhi yangu. Akaacha kamba, akanipima kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani, na nilikijua kipimo kile, maana ni changu.

"Marahaba," akasema. "Kwani wewe ni mtu wa wapi?"