Mume wangu amekuwa mpole ghafla, na ugali wangu hagusi

Admin, nifiche vizuri, Musoma hii ni ndogo. Mimi ni mama wa miaka 48, naishi Kamunyonge, na umbo langu ni la mtu asiyejinyima.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Miaka yote alikuwaga akirudi jioni anaanza kugombana na viatu vilivyokaa vibaya, anahamia kwa kuku, anamalizia kwa mama yangu mzazi. Tukazoea. Sasa tangu masika anaingia anatabasamu: "Pole na kazi, mama." Nikitenga ugali wa muhogo na samaki sato, anamega matonge mawili: "Nimeshiba."

Ndugu zangu, mwanaume mpole halafu kashiba, kashibia wapi?

Mimi nikiwa na mawazo nakula. Sahani yake nikawa naimaliza mwenyewe huku nalia, mpaka magauni yamegoma kufunga. Nikampigia shangazi yake Butiama. Akasema, "Mwanaume asiyegusa ugali wa mkewe ameshahama, zimebaki nguo tu. Jumamosi nakuja na wazee."

Jana nikamvizia. Nikamkuta mtaa wa Iringo kwenye benchi la mama lishe, anafukia wali maharage kama mwanafunzi wa bweni. Kuniona, tonge likamkwama.

"Mama, usipige kelele. Nilipoenda kupima presha, nesi aliniuliza huwa nagombana saa ngapi. Nikakuta ni saa za njaa tu. Akasema tumbo tupu linatuma homoni kichwani zidai chakula, na mtu akiwa amechoka zinaweza kumwamshia hasira. Mimi nafika saa kumi na mbili, ugali wako unaiva saa mbili. Nikaona nitulize tumbo kwanza, nisikutukane."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nakula nje, si ungeita ukoo?"

Nikageuza njia nikarudi nyumbani.

Lakini sijatulia. Yule mama lishe alimwongezea maharage bila kuombwa, huku anacheka. Homoni gani hizo zinazojua benchi moja tu?

Shangazi nimemwomba asije, kasema wazee wameshaambiwa. Kesho mume wangu ataaibishwa mbele yao, na hajui kwamba niliyewaita ni mimi. Leo nimepika mapema, sahani iko mezani, na kwa wasiwasi nimeshaimega upande mmoja. Akiikataa na hii, nitajua ni lile benchi.

Wenzangu, semeni upesi, nasikia geti: nimwambie kabla hajala, au akishashiba?