Sumaku Zilizonitangulia Ukweni

Jamani, mkiniona nacheka nikisimulia hii habari, jueni nafunika aibu tu, maana tangu siku ile nikiwa na safari ya Gendabi napita njia ya nyuma, haraka haraka, kama niliyeiba kuku.

Mnajua nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu tayari (za kutosha ndege kutagia), na fizikia ikanipanda kichwani. Nikatengeneza mota ndogo ya sola: penseli niliyoivisha sumaku ndogo na kuizungushia waya wa shaba, nikaibandikia vipande vinne vya sola kutoka kwenye taa mbovu, ikaelea juu ya sumaku za spika za redio, ncha yake tu ikiegemea kipande cha kioo. Ukiiweka juani inazunguka yenyewe. Kwetu Maretadu ilizunguka mpaka kuku wakashikwa na kizunguzungu.

Sasa nilitaka kumuoa Paskalina, na baba yake, Mzee Gidahoda, mfugaji, alikuwa ameuliza swali moja tu: "Huyo kijana asiye na ng'ombe ana nini?" Mjomba wangu, msemaji wa posa, akamjibu nina akili. Tukaitwa tukaioneshe.

Tulipofika kwake Gendabi nilitoa shikamoo mpaka kwa mbwa. Mzee Gidahoda na wazee wenzake wawili walikuwa wamekaa kibarazani, kivulini, na hapo ndipo nilipoharibu: mashine ya jua nikaiweka kivulini, kwa sababu ningeanzaje kumwambia baba mkwe akasimame juani? Nikaipanga miguuni pake, nikatangaza kama mwalimu mkuu, "Wazee wangu, kitu hiki kitazunguka hewani, hakitagusa kitu chochote!" (Kile kioo nilikiruka, nilikuwa natia chumvi.)

Penseli imetulia kama mgonjwa.

"Imelala?" akauliza mzee mmoja.

"Haijanywa chai," akajibu mwenzake.

Jasho likanitoka ndoo nzima. Mjomba akakimbia kufungua kioo cha pikipiki yake ili aniletee jua pale kibarazani, lakini akakigeuza vibaya, mwanga ukaenda moja kwa moja machoni kwa baba mkwe, naye akainama kuukwepa, kisu cha kiunoni kikazisogelea sumaku. Pwaa! Zikaruka na ubao niliozigandishia, zikang'ang'ania kisu, penseli ikaanguka chini.

Mtu mwenye akili angemwacha mzee azitoe mwenyewe. Mimi nikavuta! Nikavuta kwa nguvu zote za kidato cha nne, na mkanda ukabaki, kisu kikabaki, sumaku zikabaki, kilichotoka ni shuka alilojifunga, maana nililikamata pamoja nazo. Baba mkwe amesimama na kaptura ya bluu mbele ya wageni wa posa, shuka lake ninalo mimi mkononi. Nyuma ya mlango nikamsikia Paskalina akicheka huku amejiziba mdomo.

Mzee akalichukua shuka lake, akajifunga taratibu, akaniangalia.

"Ulisema haitagusa kitu chochote. Imenigusa mimi."

Mjomba aliomba radhi mpaka sauti ikakauka. Tukaambiwa tutaitwa, na mpaka leo hatujaitwa. Juzi Paskalina amenipigia simu, anasema baba yake amezigandisha zile sumaku kwenye mlango wa bati, ndiko anakotundika kisu chake, na hataki mtu aziguse.

Nimeapa, nikiitwa naenda na mikono mfukoni, na sitamwonesha mzee wa watu kitu chochote cha kuelea. Ila roho inaniuma, wenzangu: sumaku zimeshapokelewa ukweni, mimi bado.