Prosesa Ndani ya Jakaranda

Kuna kipindi kila nilipoketi nilijikuta nimesimama tena, na chanzo chake kilikuwa prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Nilikuwa nahariri video za harusi na za mazishi hapa nyumbani Shauri Moyo, kwa laptopu nzee iliyokwama kila bibi harusi alipoanza kucheza. Nikaamua kujiundia kompyuta ya mezani, kipande kwa kipande. Kuamua kulikuwa rahisi. Kuchagua ndiko kulikonitia wazimu.

Asubuhi nilitaka prosesa ya kori nane, kama vichwa vinane vikifanya kazi pamoja. Kufikia mchana, baada ya kusoma watu wasionijua wakitukanana mtandaoni, nilitaka ya kori sita yenye kasi. Jioni nikageuka tena: afadhali ya kawaida, pesa nyingine ziende kwenye RAM, kumbukumbu ya kompyuta. Nilikwenda mjini kwa miguu, nikaingia duka lile lile la vipuri, nikauliza maswali yale yale mpaka muuzaji akaanza kunicheka nikiwa bado mlangoni.

“Siz, umerudi tena?”

“Nimerudi. Ile kubwa, ya kori nane, inachemka?”

“Zote huchemka. Hiyo inachemka zaidi, lakini kwa kazi ya video hiyo ndiyo yenyewe. Beba, wacha presha.”

Sikubeba. Nilirudi nyumbani nimemkasirikia, ingawa hakuwa amenikosea kitu.

Na nyumbani kulikuwa na mwingine asiyetulia. Baba alikuwa mchongaji. Maisha yake yote alichonga vinyago vya twiga na vifaru vya kupelekwa kwenye maduka ya watalii, halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Akatia vifaa vyake kwenye gunia, akalisukuma chini ya kitanda, akaketi. Akiketi hapa, anahamia pale. Anafungua dirisha, analifunga. Ananiuliza maji yamechemka, nami nimeyaweka jikoni sasa hivi. Nilikuwa namhurumia na kukerwa naye kwa wakati mmoja, na niliogopa kwamba mtu aliyeacha kazi namna ile angeacha na mengine polepole, kula, kunyoa ndevu, kuongea.

Prosesa ile kubwa niliinunua siku ambayo sikuwa nimepanga. Nilitoka kwenda kununua sukuma wiki, nikarudi bila sukuma wiki. Nilipoipachika kwenye ubao wake mkuu wa saketi, Baba akasogeza kiti.

“Hii itakaa wapi?”

“Nitanunua kasha la bati, lenye kioo upande mmoja.”

“Bati,” akasema, kana kwamba nimemtukana. Akaupima ubao kwa shubiri, urefu, upana, akapima na feni juu yake. “Wacha. Nitakutengenezea nyumba yake.”

Nilifurahi, nikamsogezea ubao. Gunia likatoka chini ya kitanda. Alikwenda mwenyewe soko la Gikomba kutafuta mbao za jakaranda, akazikataa nyingi kabla ya kukubali chache. Akakata, akapiga randa, akaunganisha bila msumari hata mmoja. Patasi tu ndiyo hakuigusa. Kupiga randa mkono unaotetemeka huweza, alisema, lakini patasi haisamehe. Ikabaki guniani.

Mtu wa huku kwetu Eastlands akikutengenezea kasha, maadui anaowafikiria ni wawili: vumbi na mende. Baba aliwazibia wote. Viungo vilifungana mpaka karatasi isipite, mfuniko ukakaa kama umeota pale, na waya zikapewa tundu moja la kuzitosha tu. “Hata mtoto wa mende hataingia,” akasema. Mimi niliyekuwa nimesoma habari za joto mpaka macho kuuma, mimi niliyeuliza kila siku kama inachemka, nilimwangalia akilipaka mafuta lile kasha, nikamwambia ni zuri. Lilikuwa zuri kweli. Mama wa mlango wa pili, anayeuza vitenge, alikuja kulitazama akasema kitu kama hicho lazima kioshwe kwa kinywaji, tukanunua soda, na Baba akaeleza kila kiungo kwa kila aliyepita uani. Alikuwa amenyoa ndevu.

Kazi ya kwanza ilikuwa video ya harusi. Kabla keki haijakatwa, skrini ikawa nyeusi. Nikagusa mfuniko, ulikuwa na joto kama sufuria ya ugali iliyoepuliwa sasa hivi, na nyumba nzima ilinuka mafuta ya mbao.

“Ni nini?” Baba akauliza.

“Stima imepotea.”

Taa ya jirani ilikuwa inawaka. Akarudi kwenye kiti chake.

Nilijua dawa yake: matundu, mengi, mbele na nyuma. Lakini ningemwambiaje? Kazi yake ya kwanza tangu mkono umsaliti, aliyoisifia mtaa mzima, nimwambie ina kasoro? Nilimwona akilini mwangu akilirudisha gunia chini ya kitanda, safari hii lisitoke tena. Basi nikaichomoa ile prosesa, nikarudi dukani.

“Nibadilishie. Nipe ndogo.”

“Ndogo gani tena? Si hii ndiyo ulikuwa unalilia?”

“Isiyochemka.”

Alinitazama, akaenda kuitafuta, na kwa mara ya kwanza hakunicheka.

Ile ndogo ilikuwa mpole na mvivu. Kazi fupi iliziweza. Kwenye kazi ndefu ilizima kama mwenzake, ila kwa kuchelewa. Kwa hiyo Baba akienda kwenye mikutano ya kanisa nilifungua mfuniko, na nikisikia kikohozi chake langoni niliufunga haraka. Niliishi hivyo, sikio moja kwenye video na moja kwenye lango. Sikunywa chai yangu hata mara moja ikiwa moto.

Siku moja Baba akaja bila kukohoa.

“Mbona iko wazi?”

“Napanguza vumbi.”

Akauingiza mkono wake unaotetemeka ndani ya kasha, akauweka juu ya feni, akautuliza hapo.

“Hii kitu inapumua,” akasema.

Nikauweka mfuniko chini.

“Tangu mwanzo ilikuwa inapumua?”

“Ndiyo, Baba.”

“Na wewe ukaniambia ni stima.”

Ndipo nikamwambia yote, hadi habari ya prosesa niliyoirudisha. Nilitarajia uso wake uanguke. Badala yake alikasirika, kwa hasira ambayo sikuwa nimeiona tangu alipoacha kuchonga.

“Binti yangu, mimi nimerudishiwa kazi tangu sijamwoa mama yako. Shingo ya twiga ni fupi, rudia. Kifaru kimepasuka, rudia. Nilikuwa narudia. Mtu akiwa hai anarudishiwa kazi. Wewe umenisifu kama nimeshazikwa.”

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu kazi yangu ni mazishi. Najua tunavyowasifu wafu. Nimesikiliza watu wakisimama kando ya jeneza na kutaja kila kitu alichotengeneza marehemu, na hakuna hata mmoja anayesema ule mlango wake ulikataa kufungika.

Akaliburuta gunia mwenyewe. Safari hii alitoa patasi. Aliuondoa ubao wa nyuma, akauweka magotini, akaanza. Mkono ulitetemeka na patasi ikatetemeka nao. Tundu la kwanza likatoka kama yai, la pili likapasua ubao. Akautupa, akachukua mwingine. Nikaushika ule ubao kwa mikono miwili usicheze, naye hakunifukuza. Alifanya kazi pole sana, akipumzisha mkono kila baada ya tundu, akilaani kwa Kikamba.

Matundu yake hayalingani. Mengine ni mapana, mengine yamelala upande, na ukiyaangalia kwa mbali yanaonekana kama mvua imepiga kwenye vumbi. Alipomaliza tuliiwasha, akainama, akaweka shavu nyuma ya kasha.

“Upepo unatoka,” akasema. “Sasa irudishe ile kubwa.”

“Itakuwa imeshauzwa, Baba.”

“Basi katafute nyingine. Na ikichemka, uniambie.”

Nikavaa viatu.